Picha ya Msafiri Hufikaje Nyumbani?

Mtu anayesafiri mbali huona mambo mengi ambayo watu wa nyumbani hawajapata kuyaona. Akirudi, huyasimulia. Lakini kusikia si kuona. Kwa sababu hiyo wasafiri wengi huchukua kamera, hupiga picha, na kuwaonyesha ndugu na jamaa zao.

Zamani picha za wasafiri zilichelewa sana kufika. Kamera za wakati huo zilitumia filamu. Filamu ni utepe wa plastiki uliopakwa dawa yenye madini ya fedha. Mwanga ulipoiangukia, dawa hiyo ilibadilika. Msafiri hakuweza kuiona picha yake palepale. Ilimbidi aimalize filamu, aipeleke studio, isafishwe kwa dawa katika chumba cha giza, kisha picha ichapwe kwenye karatasi. Baada ya hapo aliitia picha ndani ya bahasha, akabandika stempu na kuipeleka posta. Majuma kadhaa yaliweza kupita kabla mama yake hajaiona. Na kama filamu ilipotea njiani, au iliingiliwa na mwanga, picha zote zilipotea pamoja nayo.

Siku hizi msafiri aliye mlimani anaweza kupiga picha asubuhi, na watu wa nyumbani wakaiona kabla chai yao haijapoa. Hakuna karatasi iliyosafiri. Hakuna tarishi aliyebeba bahasha. Je, ni kitu gani kilichosafiri?

Katika somo hili tutatafuta jibu la swali hilo. Tutajifunza pia kwa nini picha nyingine hufika zikiwa na kasoro, na kwa nini tunapaswa kufikiri kabla ya kutuma picha yoyote.

1. Lenzi na taswira

Kila kamera ina lenzi. Lenzi ni kipande cha kioo au plastiki angavu kilichochongwa kwa umbo maalumu ili kupinda miale ya mwanga. Tufanye jaribio tuone kazi ya lenzi.

Jaribio la 1

Vifaa: lenzi ya kukuzia vitu, na karatasi nyeupe.

Njia:
(a) Simama ndani ya chumba, mbali kidogo na dirisha lililo wazi. Chumba kisiwe na mwanga mwingi.
(b) Shika karatasi kwa mkono mmoja, na lenzi kwa mkono mwingine. Lenzi iwe kati ya karatasi na dirisha.
(c) Sogeza lenzi polepole, mbele na nyuma, mpaka uone taswira ya dirisha kwenye karatasi.

Tahadhari: Usielekeze lenzi kwenye jua, wala usitazame jua kwa lenzi. Miale ya jua ikikusanywa na lenzi huweza kuchoma karatasi, na huharibu macho kabisa.

Umeona nini? Bila shaka umeona dirisha dogo kwenye karatasi, pamoja na miti na mawingu yaliyoko nje. Chunguza tena. Taswira hiyo iko chini juu, yaani miti imesimama kwa matawi. Miale itokayo juu ya mti hupita katika lenzi na kuanguka upande wa chini wa karatasi. Miale itokayo chini ya mti huanguka upande wa juu.

Ondoa karatasi. Taswira imetoweka. Lenzi huunda taswira, lakini haiwezi kuihifadhi. Katika kamera ya zamani filamu ndiyo iliyoihifadhi. Katika kamera ya kidijiti kazi hiyo hufanywa kwa njia nyingine.

2. Mwanga hugeuzwa kuwa namba

Nyuma ya lenzi ya kamera ya kidijiti kuna kifaa kidogo kiitwacho kihisi. Kihisi ni kibapa chembamba cha silikoni. Silikoni ni elementi ambayo hupatikana ndani ya mchanga na mawe mengi. Uso wa kihisi umegawanywa katika vijumba vidogo sana, vingi kuliko unavyoweza kuvihesabu kwa macho. Kamera moja huweza kuwa na mamilioni ya vijumba hivyo.

Fikiria vikombe vingi vilivyopangwa kwa safu uwanjani wakati wa mvua. Mvua ikikatika, utakuta vikombe vilivyokuwa chini ya mti vina maji machache, na vile vya mahali pa wazi vina maji mengi. Ukiyapima maji ya kila kikombe na kuandika vipimo vyake kwa safu, utajua mahali mti uliposimama bila ya kuuona.

Vijumba vya kihisi hufanya kazi kama vikombe hivyo. Mwanga ukiangukia kijumba, huzalisha umeme kidogo ndani yake. Mwanga ukiwa mwingi, umeme huwa mwingi. Mwanga ukiwa mdogo, umeme huwa mdogo. Kamera hupima umeme wa kila kijumba na kuuandika kwa namba. Picha yote basi hugeuka kuwa orodha ndefu ya namba, na orodha hiyo huhifadhiwa katika kadi ya kumbukumbu.

Namba hizo zinapoonyeshwa tena kwenye kioo cha simu au cha kompyuta, kila sehemu ya picha huwa nukta moja ndogo. Nukta hiyo huitwa pikseli. Katika picha ya rangi kila pikseli huhitaji namba tatu: moja ya wekundu, moja ya kijani na moja ya buluu. Rangi nyingine zote tunazoziona katika picha hupatikana kwa kuchanganya mwanga wa rangi hizo tatu.

Mashine hizi huandika namba zote kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Kila tarakimu ya namna hiyo huitwa biti. Biti 8 hufanya baiti 1.

3. Mchezo wa kupeleka picha

Sasa tutapeleka picha kutoka upande mmoja wa darasa hadi upande wa pili bila kubeba chochote.

Jaribio la 2

Vifaa: karatasi mbili za mraba (karatasi za hesabu), na penseli mbili.

Njia:
(a) Wanafunzi wawili wakae mbali, wakipeana mgongo. Mmoja ni msafiri. Mwingine yuko nyumbani.
(b) Kila mmoja achore mraba mkubwa wenye miraba midogo 8 kwa 8. Ndani yake mna miraba midogo 64.
(c) Msafiri asome kwa sauti tarakimu zifuatazo, mstari baada ya mstari, kuanzia kushoto.
(d) Aliye nyumbani akisikia 1, atie weusi katika mraba mmoja. Akisikia 0, auache mweupe. Kisha aende mraba unaofuata.

Mstari wa 1: 0 0 0 1 1 0 0 0
Mstari wa 2: 0 0 1 1 1 1 0 0
Mstari wa 3: 0 1 1 1 1 1 1 0
Mstari wa 4: 1 1 1 1 1 1 1 1
Mstari wa 5: 0 1 0 0 0 0 1 0
Mstari wa 6: 0 1 0 1 1 0 1 0
Mstari wa 7: 0 1 0 1 1 0 1 0
Mstari wa 8: 0 1 0 1 1 0 1 0

Mmeona nini? Ikiwa msafiri amesoma vizuri na mwenzake amesikia vizuri, pameonekana nyumba yenye paa, kuta na mlango. Hakuna karatasi iliyohama. Zilizosafiri ni namba tu, tena kwa njia ya sauti.

Rudieni mchezo huo mara mbili zaidi. Mara ya kwanza msafiri akosee makusudi: katika mstari wa 3 asome 0 mahali pamoja penye 1. Mara ya pili aruke tarakimu moja katika mstari wa 2, kisha aendelee kusoma bila kusema lolote.

Linganisheni picha zote tatu. Tarakimu moja ikikosewa, paa limetoboka mahali pamoja. Lakini tarakimu moja ikirukwa, zote zinazofuata zimesogea, na nyumba imevurugika. Kosa moja dogo limeharibu picha karibu yote.

Jaribio la 3

Tafuteni njia ya kugundua makosa. Msafiri asome tena tarakimu za mstari mmoja, kisha ataje mna 1 ngapi ndani yake. Kwa mfano, mstari wa 1 una 1 mbili, na mstari wa 4 una 1 nane. Aliye nyumbani ahesabu alizopata. Hesabu zikipatana, aseme, "Nimepata." Zisipopatana, aseme, "Rudia."

Mchezo huu umechukua muda mrefu zaidi, lakini picha imefika salama. Mashine za mawasiliano hufanya vivyo hivyo. Pamoja na namba za picha hupeleka namba nyingine za kukagua, ili upande wa pili ugundue makosa na kuomba sehemu iliyoharibika itumwe tena.

4. Picha kutoka sayari ya Mirihi

Huenda ukadhani kwamba kupeleka picha kwa namba kulianza na simu za mkononi. Sivyo. Tarehe 28 Novemba 1964 Marekani ilirusha chombo cha angani kiitwacho Mariner 4. Hakikuwa na mtu ndani yake. Mwezi wa Julai 1965 kilipita karibu na sayari ya Mirihi na kupiga picha. Chombo hicho hakikutengenezwa kurudi duniani. Kama picha zake zisingeweza kutumwa, hakuna mtu ambaye angeziona kamwe.

Kila picha iligawanywa katika safu 200 zenye nukta 200 kila moja.

200 × 200 = nukta 40,000

Weupe na weusi wa kila nukta uliandikwa kwa namba kuanzia 0 hadi 63. Kila namba ilichukua biti 6.

40,000 × 6 = biti 240,000

Chombo kilizihifadhi namba hizo kwenye utepe wa sumaku, kisha kikazituma kwa mawimbi ya redio. Kilikuwa zaidi ya kilomita milioni 200 kutoka duniani, na redio yake haikuwa na nguvu nyingi. Katika kila sekunde 3 kiliweza kupeleka biti 25 tu. Hebu tupige hesabu.

240,000 ÷ 25 = 9,600
9,600 × 3 = sekunde 28,800

Sekunde 28,800 ni saa 8. Picha moja tu ilihitaji saa 8 kufika nyumbani!

Wahandisi waliokuwa wakingoja katika maabara huko California hawakuweza kuvumilia. Namba zilipoanza kuingia, walizichapa kwenye vipande virefu vya karatasi, wakavibandika ukutani, wakatia rangi kila namba kwa mkono, kama mlivyofanya ninyi katika jaribio la 2. Ndivyo walivyoiona picha ya kwanza kabla kompyuta haijamaliza kuiandaa. Chombo kilipeleka picha 21 na sehemu ya picha ya 22. Kisha kikazirudia zote mara ya pili, ili namba zilizopotea au kuharibika zipate kusahihishwa.

Mwaka 1975 mhandisi Steven Sasson wa kampuni ya Kodak, huko Marekani, alitengeneza kamera ya kidijiti ya kubebwa kwa mikono. Picha zake zilikuwa na nukta 100 kwa 100. Kuandika picha moja kwenye kaseti kulichukua sekunde 23.

Tarehe 11 Juni 1997 Philippe Kahn alikuwa hospitalini Santa Cruz, California, ambako mke wake alijifungua mtoto. Aliunganisha kamera ya kidijiti, simu ya mkononi na kompyuta ndogo. Kwa vifaa hivyo alipeleka picha ya mtoto mchanga kwa ndugu na marafiki waliokuwa mbali. Vyombo hivyo vitatu sasa vimo ndani ya simu moja ambayo mtu huitia mfukoni.

5. Kutoka mlima Kilimanjaro hadi nyumbani

Tumfuate sasa msafiri anayepanda mlima Kilimanjaro. Kilele chake, Uhuru, kina urefu wa mita 5,895 kutoka usawa wa bahari. Msafiri amefika Horombo, penye mita 3,720 hivi. Mwezi wa Agosti 2022 huduma ya intaneti yenye kasi ilizinduliwa mahali hapo. Anapiga picha ya kilele cha Kibo chenye theluji, na anataka mama yake, aliye Mtwara, aione. Safari ya picha hiyo ni kama ifuatavyo.

Kwanza, namba za picha hutoka kwenye kadi ya kamera na kuingia katika simu. Kazi hiyo hufanywa kwa waya au kwa mawimbi ya redio ya masafa mafupi. Ikiwa picha imepigwa kwa simu, hatua hii haihitajiki.

Pili, simu huzigawa namba hizo katika vipande vingi. Kila kipande huandikiwa mahali kinapokwenda, na namba ya kuonyesha nafasi yake. Ni kama mtu anayetuma kitabu kwa posta, ukurasa mmoja katika kila bahasha. Bahasha zinaweza kupita njia mbalimbali na kufika bila mpangilio. Anayezipokea huzipanga kwa kufuata namba za kurasa. Ukurasa mmoja ukikosekana, huomba huo peke yake.

Tatu, simu hupeleka vipande hivyo kwa mawimbi ya redio hadi kwenye antena. Mawimbi ya redio hayaonekani, hayasikiki, na husafiri kwa kasi ya kilomita 300,000 hivi kwa sekunde. Hata hivyo, mawe mazito, kuta nene na mabonde huweza kuyazuia au kuyadhoofisha. Ndiyo maana mtu aliye bondeni mara nyingi hulazimika kupanda mahali pa juu ili simu yake ipate mawasiliano.

Nne, kutoka kwenye minara, namba huingia katika mkongo. Mkongo ni kebo yenye nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele. Ndani ya nyuzi hizo namba husafiri kwa mwanga. Kwa njia iliyo rahisi tunaweza kusema kwamba mwanga ukiwaka ni 1, na ukizimika ni 0. Mwanga huo hauponyoki nje, kwa sababu ukifika kwenye ukingo wa unyuzi hurudishwa ndani, nao huendelea mbele hata unyuzi ukipinda. Tanzania ina Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unaopita nchi kavu. Iko pia mikongo iliyolazwa chini ya bahari. Mkongo wa baharini uitwao SEACOM ulianza kazi katika pwani ya Afrika Mashariki mwezi wa Julai 2009. Kabla ya mwaka huo mawasiliano ya intaneti kati ya nchi zetu na mabara mengine yalitegemea sana setelaiti.

Tano, mara nyingi namba hufika kwanza katika kompyuta kubwa ambazo hutunza ujumbe wa watu wengi. Baadhi ya kompyuta hizo ziko ng'ambo. Hivyo picha itokayo Kilimanjaro kwenda Mtwara huweza kupita chini ya bahari, ikatoka nje ya nchi na kurudi, kabla ya kufika.

Sita, namba hutoka mkongoni, hupanda mnara ulio karibu na nyumba, na kufika kwa mawimbi ya redio katika simu ya mama. Simu hupanga vipande, hukagua makosa, na kuwasha nukta za kioo chake. Mama anaiona theluji ya Kibo.

6. Kubana picha

Kamera nyingi za siku hizi hutoa picha zenye nukta 4,000 kwa upana na 3,000 kwa kimo.

4,000 × 3,000 = nukta 12,000,000

Kila nukta ina namba tatu, na kila namba huchukua baiti 1.

12,000,000 × 3 = baiti 36,000,000

Baiti milioni 1 huitwa megabaiti 1. Picha yetu basi ingekuwa na megabaiti 36. Mzigo huo ni mkubwa, nao hugharimu muda na fedha kuutuma. Kwa hiyo kamera na simu huibana picha.

Tuseme mstari mmoja wa picha unaonyesha anga tupu. Badala ya kuandika "buluu, buluu, buluu" mara 500, mashine inaweza kuandika kwa ufupi, "buluu mara 500." Hapo hakuna kilichopotea. Lakini njia nyingine za kubana huacha tofauti ndogo ambazo jicho halizitambui upesi. Njia ya namna hiyo inayotumika sana huitwa JPEG, nayo ilikubaliwa kimataifa mwaka 1992. Kwa njia hii picha yetu huweza kupungua hadi megabaiti chache tu.

Kubana kuna faida, lakini kuna hasara pia. Kitu kilichotupwa wakati wa kubana hakirudi. Programu nyingi za kutumia ujumbe huibana picha kwa mara nyingine kabla ya kuituma. Picha iliyobanwa sana hupendeza kwenye kioo kidogo cha simu, lakini ukiikuza, nyuso huwa na ukungu, na maandishi hayasomeki. Kwa hiyo msafiri mwenye busara hutuma nakala ndogo, na huitunza picha ya asili.

7. Kutunza picha na kuituma kwa busara

Namba zina sifa moja kubwa: zinaweza kunakiliwa bila kupungua. Nakala ya kumi ya orodha ya namba ni sawasawa kabisa na ya kwanza, mradi kila namba imeandikwa sahihi. Sifa hii hutusaidia, na pia hutudai uangalifu.

Hutusaidia kwa sababu picha inaweza kuwekwa mahali pawili au patatu. Kadi ya kumbukumbu ni ndogo kuliko stempu. Huanguka, huibwa, huharibika. Picha iliyoko kwenye kadi moja tu ikipotea, imepotea kabisa, kama filamu ya zamani. Kwa hiyo usifute picha kwenye kamera mpaka uhakikishe kwamba nakala imefika nyumbani na inafunguka. Mlimani, au mahali popote penye baridi kali, weka betri ndani ya nguo, karibu na mwili. Baridi hupunguza mwendo wa mabadiliko ya kikemia ndani ya betri, na betri iliyojaa huweza kuonekana kama imekwisha.

Hutudai uangalifu kwa sababu nakala ikishatoka mkononi mwako, huwezi kujua itanakiliwa mara ngapi. Aliyeipokea anaweza kuwapelekea watu kumi, na kila mmoja wao akawapelekea wengine kumi. Hata ukiifuta kwenye simu yako, nakala zao zinabaki. Basi kabla ya kumpiga mtu picha, mwombe ruhusa. Kabla ya kuituma, mwulize kama amekubali. Picha ya mgonjwa, ya msiba, au ya mtoto wa mwenzako si mali yako ya kutawanya.

Tena, simu nyingi huandika ndani ya picha saa ilipopigwa na mahali ilipopigwa, ingawa maandishi hayo hayaonekani juu ya picha. Huko Afrika Kusini wageni wa hifadhi za wanyama wameonywa juu ya jambo hili. Mgeni hupiga picha ya kifaru kwa nia njema tu, ili awaonyeshe watu wa nyumbani. Jangili akiipata picha hiyo, anaweza kujua mahali kifaru alipo. Kwa hiyo wageni huombwa kuzima sehemu ya simu inayoandika mahali.

Muhtasari

Lenzi huunda taswira, na kihisi huigeuza kuwa namba. Namba husafiri kwa mawimbi ya redio angani na kwa mwanga ndani ya mkongo. Hugawanywa katika vipande, hukaguliwa, na hupangwa upya mwisho wa safari. Picha iliyobanwa husafiri upesi, lakini huweza kupungua ubora. Picha yenye nakala moja huweza kupotea. Picha iliyotumwa ni vigumu kuirudisha.

Maswali

1. Taja tofauti mbili kati ya kamera ya filamu na kamera ya kidijiti.
2. Kwa nini taswira uliyoiona katika jaribio la 1 ilikuwa chini juu?
3. Kamera ya mwaka 1975 ilikuwa na nukta 100 kwa 100. Tafuta jumla ya nukta hizo. Jumla hiyo inaingia mara ngapi katika nukta za picha moja ya Mariner 4?
4. Picha ya megabaiti 4 ina biti 32,000,000. Simu inapeleka biti 8,000,000 kwa sekunde. Picha itatumwa kwa sekunde ngapi? Mariner 4 ingehitaji sekunde ngapi? Eleza kwamba muda huo ni zaidi ya siku 44.
5. Katika jaribio la 3, tuseme msafiri amebadilishana nafasi za 1 na 0 katika mstari mmoja. Je, kuhesabu idadi ya 1 kutaligundua kosa hilo? Fikiria njia bora zaidi ya kukagua.
6. Mtu aliye bondeni hawezi kutuma picha, lakini akipanda kilimani anaweza. Eleza sababu.
7. Rafiki yako amefuta picha zote kwenye kamera mara tu baada ya kuzituma. Utampa ushauri gani?
8. Chora picha yako mwenyewe katika miraba 8 kwa 8, iandike kwa tarakimu 0 na 1, kisha mpe mwenzako wa darasa jingine tarakimu hizo tu. Linganisheni picha zenu. Ikiwa hazifanani, tafuteni kosa lilitokea mstari wa ngapi.